Kava Langu Mla Herufi

Hapa Ankole mtu hasifu mali yake kwa kunong'ona. Bahima, wafugaji wa hapa, wana ebyevugo, majigambo ya ushujaa yanayoghaniwa mbiombio kabla pumzi haijakatika, na ng'ombe wao pia wana sifa zao: pembe, mwendo, rangi. Jirani zangu Wanyarwanda nao, ukiwagusia ng'ombe, ushairi huwatoka wenyewe. Mjini Mbarara ng'ombe wa pembe ndefu amejengewa sanamu, heshima ambayo wenye vyeo wengi wanaisubiri hadi leo. Mimi ni mtu wa Bukavu, Kongo, naishi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na sina hata ndama. Nina tableti, na tableti hiyo imevaa kava lenye kibodi ndani yake. Basi kila mtu na asifu alichonacho. Lucian, Msiria wa karne ya 2, alikaa akamsifu nzi kwa Kigiriki safi, na hakuna aliyemshitaki.

Nianze na rangi, kama wafanyavyo wenyeji. Kava lilipotoka dukani lilikuwa jeusi tii. Miezi mitatu ya vumbi la barabara ya humu Nakivale kati ya Kabingo na Base Camp imeligeuza kuwa bihogo, ule wekundu uliokolea ambao mfugaji wa hapa akiuona kwenye ngozi ya ng'ombe husimama akatazama mara mbili. Nililipia kava jeusi, nikapewa na bihogo juu yake bila nyongeza.

Nililinunua Mbarara, kwenye kiduka cha simu kilichobanwa kati ya maduka mawili makubwa. Muuzaji alinisalimu, "Agandi, ssebo," akasikia sauti yangu ni ya ng'ambo, akahamia Kiswahili chake cha shida. "Rafiki, hii ukivalisha, tableti inakuwa laptop kabisa." Hakudanganya. Nilipojumlisha bei ya tableti na bei ya kava nikaona kweli zimekuwa laptop, tena si ya mtumba sana. Uzito nao ukawa wa laptop. Waliobuni tableti walifanya kosa la kuifanya nyepesi. Waliobuni kava wamelirekebisha.

Ukiiweka mapajani huanguka chali, kwa sababu kichwa ni kizito kuliko kiwiliwili. Kwa hiyo inahitaji meza. Meza yangu ni jerikeni ya manjano ya lita 20, yenye mgongo wa mviringo na mshikio katikati, na kava hapo hukaa kama mgeni aliyepewa kigoda cha mguu mmoja. Lina migongo miwili ya kuegemea, yaani pembe mbili tu: moja unaona jua lote la wilaya yetu ya Isingiro likiwaka kwenye kioo, ya pili unaona pua yako mwenyewe. Hakuna ya tatu. Nimejifunza kuandika asubuhi na mapema, nikitazama pua.

Lakini ngoja nilitendee haki. Tableti isiyo na kibodi ni kitu cha kijana anayeangalia video. Tanzania wanaiita kishikwambi, na tangu sensa ya Agosti 2022 hata kijiji cha mbali kinalijua neno hilo. Uganda nayo Mei 2024 ilihesabu watu wake kwa tableti, na sisi tukahesabiwa humo. Karani hushika kioo chake mkononi, hugusa, hugusa, huondoka. Lakini mtu anayeketi, akafungua kava, sumaku ikalia tak, safu nzima ya herufi ikajitokeza mbele yake, huyo si karani tena. Huyo ni ofisi. Wiki ya kwanza tu watu walianza kunijia na karatasi zao mikononi. "Mwalimu, utuandikie na sisi." Sijawahi kufundisha siku hata moja. Nimepewa ualimu na plastiki.

Hivi ndivyo nilivyopata kazi. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja Wanyarwanda wa kwanza. Leo tuko Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, na kila mmoja ana jambo la kumwandikia mtu fulani mahali fulani. Barua za kuomba kuunganishwa na ndugu. Wasifu wa kuombea kazi, wa mtu aliyekuwa muuguzi kwao na hapa anauza nyanya. Maombi ya shule. Malalamiko. Wengi hawana hakika barua inakwenda wapi, ila wanataka iende imechapwa.

Sasa chakula. Tableti hula umeme, na kava pia hula umeme wake, kwa tundu lake, kwa waya wake usiolingana na wowote duniani. Mwenye sola anayetuchajia hutoza kwa kichwa. Nilipompelekea alilitazama kava, akalipindua, akauona ule mdomo mdogo ubavuni. "Hawa ni wawili," akasema. Nikabisha kwamba ni kitu kimoja, mwili na nguo. Akanijibu kwamba mwenye mdomo wake ni mtu wake. Wizarani na mashirikani watu hupanga foleni miezi ili jina moja liongezwe kwenye karatasi ya familia. Kava langu liliongezwa kwa dakika moja, bila alama za vidole. Na halijawahi kukubali kushiba siku moja na mwenzake. Tableti ikiwa na asilimia 90, kibodi imezimia. Kibodi ikiamka, tableti inakata roho.

Wawili hawa huzungumza kwa Bluetooth, jina lililopendekezwa 1997 na mhandisi wa Intel kwa heshima ya Harald, mfalme wa karne ya 10 aliyesifika kwa kuwaunganisha Wadenmark. Alama ya Bluetooth ni herufi mbili za kale za jina la mfalme huyo zilizofungwa pamoja. Mfalme aliunganisha makabila. Kava langu na tableti yangu, waliolala kwenye ganda moja usiku kucha, kila asubuhi huulizana majina kama wakwe waliokutana stendi.

Juu ya hayo kuna suala la uhamiaji. Vidole vyangu vilisomeshwa Kongo, kwenye mpangilio wa AZERTY tulioachiwa na Wabelgiji. Uganda ni nchi ya QWERTY, ule mpangilio ulioanza kuuzwa kwenye mashine za Remington mwaka 1874, na kava langu ni raia wa Uganda. Mkongomani au Mrundi akivuka mpaka hukuta A imehamishwa, Z na W zimebadilishana nyumba, na M imeshushwa cheo ikawekwa chini. Siku ya kwanza nilifumba macho nikaandika Mbarara. Kikatoka :bqrqrq. Nikaandika wazazi, nikapata zqwqwi. Nikamwita mama kwa herufi ndogo, kwa upole, nikajibiwa ;q;q. Hiyo ndiyo lugha pekee Nakivale ambayo haijapata mkalimani.

Kijana mmoja wa simu alinionyesha penye mipangilio jinsi ya kuiambia tableti kwamba kibodi hii ni ya Kifaransa. Ikakubali bila kuomba kitambulisho. Tangu hapo vidole vyangu vinasema kweli na vitufe vinasema uongo: palipochapwa Q hutoka A, palipochapwa A hutoka Q. Nawashauri wote wanaoogopa wezi wafanye hivyo. Mtu aliazima kava langu nusu saa, akalirudisha mwenyewe, akanipa pole.

xLakini sifa kuu bado sijaitaja, na hapa naomba msomaji aketi vizuri.

Kibodi hii ina usingizi. Ukinyamaza kidogo hulala ili kubana umeme, na ukiigusa huamka. Ila herufi ile iliyoiamsha huimeza. Huihesabu kama bisho mlangoni, si kama neno. Mzungumzaji wa Kiingereza angeudhika kidogo tu, kwani hata akipoteza herufi ya kwanza maana hubaki imesimama pale pale. Mfaransa yuko salama zaidi: akikanusha huweka walinzi wawili, ne mbele na pas nyuma, na akiliwa mmoja wa pili yuko kazini. Kiswahili kimemweka H peke yake mlangoni, usiku, bila hata mbwa.

Siku moja alikuja mama jirani, mjane, pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Mwaka 2023, fedha za wafadhili zilipopungua, msaada wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulianza kugawiwa kwa makundi matatu kwa kipimo cha uhitaji, na kundi la tatu halikupewa kitu. Mama alisema amewekwa kundi asilostahili, na mwenyekiti alikuja kumtolea ushahidi. Nikafungua kava. Tak. Wote wakanyamaza kwa heshima.

Mwenyekiti wetu hutamka sentensi moja kisha huiacha ipoe. Akasema, "Hana mume." Nikaandika. Simu yake ikalia, akajibu, akamaliza, akarudi. "Hana shamba." Ikaja kesi ya mbuzi aliyekula maharage ya watu, akaiamua akiwa ameketi pale pale. "Hana ndugu anayemtumia pesa." Akasalimiana na wapita njia wawili, akauliza hali za watoto wa mmoja. "Hana godoro." Kila alipotua kibodi ililala, na kila aliporudi niliiamsha kwa H. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye vidole, pua ikiwa kwenye kioo. Na programu, kwa adabu yake, kila ilipoona sentensi imeanza kwa herufi ndogo ikaikuza.

Mama hajui kusoma. Binti yake yuko darasa la tano, na alipewa kazi ya kuisoma barua kwa sauti kabla mwenyekiti hajatia saini. Akaanza vizuri, salamu, tarehe, kijiji. Kisha akasita. "Ana mume," akasoma. "Ana shamba. Ana ndugu anayemtumia pesa. Ana godoro." Akainua uso. "Mama, umeolewa lini?"

Palikuwa na kimya cha kutosha kuilaza kibodi mara ya tano. Kisha mama akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. "Baba mwenyekiti," akasema alipopata pumzi, "huyo mume anafanya kazi wapi? Aje basi anisaidie kulima hilo shamba." Mwenyekiti hakucheka mara moja, ana cheo, ila mabega yalimsaliti.

Nami sijaona mfadhili kama huyo. Nimeshuhudia magari meupe, nimeshuhudia wageni wenye fulana za nembo, nimeshuhudia semina zenye chakula cha mchana. Hakuna aliyewahi kumpa mjane mmoja mume, shamba, ndugu wa ng'ambo na godoro katika ukurasa mmoja. Wengine, ili asiye nacho aonekane anacho, huhitaji fomu ya kurasa nyingi, makundi, alama za kujumlisha, na ofisi nzima ya watu wenye vitambulisho shingoni. Kava langu hufanya kazi hiyo kwa kumeza herufi moja, kwa betri ndogo, bila mshahara, na bila kumwambia mtu arudi Jumatatu.

Si mkarimu kwa wote, nikiri. Mtu anayesema kwa kinywa chake hapati zawadi kamili. "Sina maji" hugeuka "Ina maji," na msomaji hubaki akijiuliza ni kitu gani hicho chenye maji. "Sipo" ikawa "Ipo." "Ninaomba" ikawa "Inaomba," na hapo mtu mzima mwenye jina na watoto sita anageuka kitu kinachoomba. Barua kama hiyo ilitoka kwangu mara moja kabla sijajua ugonjwa. Ikapokelewa, ikapigwa muhuri, na hakuna aliyeuliza.

Tuliiandika upya barua ya mama siku ile ile, H zote nne mahali pake, binti akisimamia. Ilikwenda. Jibu bado.

Dawa nimeipata mwenyewe. Kwenye kibodi yoyote kuna herufi mbili ambazo Kiswahili hakina kazi nazo, Q na X. Zimekaa miaka na miaka zikila kivuli. Q yangu tayari imeajiriwa, inatoa A. Imebaki X. Sasa kila nikitua, kabla ya kuanza sentensi mpya, humtupia mlafi X moja ameze, kama mtu anavyotema funda la kwanza la pombe chini kwa ajili ya wazee, kisha ndipo huleta H yangu. Ikiwa kibodi ililala, X huliwa na sentensi huwa kamili. Ikiwa haikulala, X hubaki hapo hapo.

Makala haya nimeyaandikia juu ya jerikeni, kwa kava hilo hilo. Nimeyapitia mara mbili, lakini ukikuta X mahali, ujue wakati huo lilikuwa macho. Na anayekwenda Mbarara wiki hii, tafadhali aniulizie waya wa lile tundu dogo la zamani. Nitamlipa akifika Base Camp.