Ukitaka Kupanga Mlimani Mwanza, Anza na Ndoo

Dalali wa Mwanza hupenda kukupeleka mlimani saa kumi na mbili jioni. Jua linaelekea kuzama ziwani, upepo unapuliza shati, mji mzima uko chini ya miguu yako, na mkono wako unaelekea mfukoni wenyewe. Kataa saa hiyo. Mwambie mwende saa saba mchana, kila mmoja na ndoo yake ya lita 20 iliyojaa maji, mkianzia pale bodaboda anapokwambia, “Mwisho hapa, kaka.” Dalali akigoma kubeba, umeshajua jambo la maana kuhusu chumba hicho kabla hujakiona.

Mkifika juu, mmeloa jasho na nusu ya maji imeingia viatuni, ndipo mzungumze bei. Chumba cha juu kabisa Igogo au Mabatini ni nafuu kuliko cha bondeni kwa sababu karibu kila kitu kinachoingia humo kimepandishwa na mtu: mkaa, godoro, tofali la ukuta, mtungi wa gesi. Na maji, kila siku.

Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya umeme na kabla ya choo: tenki la maji la mtaa liko juu yetu au chini yetu? Mamlaka ya maji ya jiji, MWAUWASA, huvuta maji ziwani na kuyasukuma kwa pampu hadi kwenye matenki ya vilimani, kisha yanashuka yenyewe kwenda majumbani. Kila mita 10 za kupanda hula presha ya takriban bar moja. Nyumba iliyo chini ya tenki hufungua bomba. Iliyo juu yake hutazama ziwa kubwa kuliko yote Afrika huku jikoni kuna ndoo tupu. Familia ya watu watano inayotumia madumu sita ya lita 20 kwa siku inapandisha kilo 120, na kichwa kinachozibeba mara nyingi ni cha mama au cha binti anayetakiwa kuwahi shule. Mwenye nyumba akikuhakikishia kwamba maji si shida, mwulize nani anayeyabeba, kisha ukamwulize huyo.

Sasa zunguka nyuma ya nyumba ukasalimiane na jiwe, maana lipo. Mawe ya Mwanza ni matale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yalimong'onyokea hukohuko ardhini, udongo uliokuwa katikati yake ukaoshwa na mvua, yakabaki yamepandana. Jiwe lililokaa juu ya mwamba halina neno. Linalokaa juu ya udongo ndilo la kuulizwa maswali. Chuchumaa utazame chini yake: kuna mfereji mpya uliochimbwa na mvua? Kuna jirani anayechimba kifusi cha msingi, au anayelipasua kwa moto ili aponde kokoto? Kama lipo la namna hiyo, shuka. Usipime, usihesabu kodi, shuka tu. Mawe ya milima hii yamewahi kuteremkia nyumba za watu, na hakuna kodi nafuu kiasi cha kulala chini ya jiwe lililolegea.

Choo nacho kina hesabu yake. Mwamba hauchimbiki, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita kwenye kichochoro cha upana wa mabega. Lakini hapa mlima una faida ambayo bonde halina: majitaka hushuka yenyewe. Ndiyo maana mabomba membamba ya majitaka yaliyolazwa mlimani, kama Igogo, ni miongoni mwa mambo bora yaliyofanywa katika mji huu. Ukiona mfuniko wake karibu na mlango, ongeza hata kidogo kwenye kodi unayokubali kulipa.

Na yapo mazuri ambayo siyasemi kwa kukufariji. Mto Mirongo ukifurika, waliojenga bondeni huanika magodoro. Wewe unakuwa umelala. Mjini unakwenda kwa miguu na nauli ya daladala inabaki nyumbani. Asubuhi pimbi huota jua juu ya mawe pamoja na mijusi wa Mwanza, madume wana kichwa chekundu na mwili wa buluu, na watoto huwajua mmoja mmoja. Hodi ya jirani inafika haraka kwa sababu mlango wake uko kwenye paa lako.

Mandhari ya ziwa ndiyo wanayolipia wenye nafasi Capri Point na Isamilo. Upepo uleule, ziwa lilelile. Wao wana lami hadi getini. Mgonjwa wao hushuka kwa gari. Wa Mabatini hushuka kwa machela ya kitenge, usiku, juu ya mawe yenye utelezi, vijana wanne wakibadilishana. Ngazi za zege zenye vishikio na taa zingebadilisha maisha ya mama mjamzito huko juu kuliko hotuba yoyote ya kampeni, na ningependa kila mpangaji amwombe diwani wake ngazi kwa jina.

Jambo la karatasi lisikuponyoke. Sheria ya Ardhi ya 1999 inampa waziri uwezo wa kutangaza miteremko mikali kuwa ardhi hatarishi. Kwa hiyo mwulize mwenye nyumba kama eneo lake limerasimishwa, na akuonyeshe hati au leseni ya makazi. Mwenye nayo hukimbilia kabatini. Asiye nayo hukwambia, “Hapa tupo tangu zamani.”

Majibu yakikuridhisha, chukua chumba. Lakini dalali akidai kodi ya miezi sita, toa ya mitatu, na hiyo nyingine uishike mpaka masika yakukute humo ndani.