Namna ya Kuyeyusha Betri Kuukuu na Faili Lako Likabaki Safi

Bosi wangu mwekezaji, kwanza hongera. Umeona jambo ambalo wengi hawalioni: betri ya matatu iliyokufa haijafa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi haizeeki. Huyeyushwa ikawa betri, ikafa, ikayeyushwa tena, ikarudi barabarani. Kwa nyuzi joto 327 tu inalegea kama samli, hata mkaa wa muuza mahindi unaitosha. Wavuvi wetu huiyeyusha kwenye sufuria wakapata chubwi za nyavu, na hakuna aliyewahi kuwadai fomu.

Wewe utadaiwa. Betri hiyo kisheria ni taka hatari, na katika Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 imepewa hadi namba yake: A1160. Pwani hii kuna wazee waliosubiri kitambulisho mpaka mvi zikawaota. Betri yako mbovu tayari inatambulika kimataifa.

Sasa, wasomi watakuambia uanze na tathmini ya athari kwa mazingira. Ndivyo inavyotaka sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999: tathmini kwanza, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, itoe leseni, ndipo moto uwashwe. Usidanganyike. Ukienda kwa mpangilio huo, mtaalamu anaweza kukujibu "hapana" kabla hujanunua hata tofali moja. Anza na tanuri. Tanuri likishawaka, vijana thelathini wakishapata ajira na mheshimiwa akishakata utepe, "hapana" ya mtaalamu huota mkia: "hapana, lakini..." Na wewe unaishi kwenye hiyo "lakini".

Mfano tunao hapa hapa Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi ukutani kwa kijiji cha Owino Uhuru, chenye watu wapatao 3,000. Mwaka 2009 kikamwajiri Phyllis Omido, na moja ya kazi alizopewa ni kusimamia ripoti ya tathmini ya mazingira, ilhali moshi ulikwisha kuwa jirani wa siku nyingi. Mpaka hapo mambo yalikwenda kitaalamu kabisa. Kosa lilikuwa moja: mwajiriwa aliyasoma matokeo ya ripoti akayaamini. Akashauri kiwanda kihamishwe. Wakubwa wakamhamisha yeye, kazi ikapewa mwingine. Baadaye mwanawe mwenyewe alipopimwa, damu ikakutwa na risasi.

Kwa hiyo unapotafuta mtaalamu, usiulize digrii. Uliza kama ana mtoto mchanga na anakaa wapi.

Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata Omido akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaifuta fidia hiyo mwaka 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe miaka kati ya moshi wa kwanza na neno la mwisho la jaji: kumi na saba. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa moshi alikuwa anakaribia kuchukua kitambulisho. Mwekezaji mwenye subira huipenda sana kalenda ya namna hiyo. Ila utazame na mgao wa lawama katika hukumu ile ya 2020: fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40, liliangukia NEMA yenyewe. Basi ukimwona afisa anaizungusha kalamu juu ya fomu yako bila kutia saini, usimdhanie ana njaa. Huenda anapiga hesabu ya asilimia.

Halafu kuna kushirikisha umma. Hili lisikutishe. Mkutano uite siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, wenye vibarua wakiwa vibaruani. Ripoti iwe kurasa mia mbili za Kiingereza, na nakala moja iwekwe ofisi ambayo ufunguo wake anao mtu aliyesafiri. Nunua soda na mahamri. Karatasi ya mahudhurio ipitishwe kabla ya mahamri, maana baada yake vidole huwa na mafuta na saini huharibika. Chini ya saini hizo andika kwa herufi nzito: WANANCHI WAMERIDHIA.

Tatizo ni kwamba hakosekani mama mmoja, mtoto mgongoni, atakayesimama kule nyuma aulize: "Na huo moshi, mwanangu, utakwenda wapi?" Mjibu "teknolojia ya kisasa" ukae upesi. Usimdharau, lakini. Katiba ya 2010 imempa haki ya mazingira safi katika ibara ya 42, na ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyeumia. Yaani hahitaji hata kukohoa.

Tuje kwenye usafirishaji, ambako sheria imejichosha kweli kweli. Kanuni za taka zinataka msafirishaji awe na leseni, gari lifuate njia iliyoidhinishwa, na kila shehena iende na karatasi ya kuifuatilia: nani kaitoa, nani kaibeba, nani kaipokea. Karatasi nzuri mno. Itaonyesha betri 300 zimetoka na betri 300 zimefika, na mkaguzi atafurahi kuona hesabu inalingana.

Tindikali haitaonekana humo, kwa kuwa haikusafiri. Mnunuzi wa skrepa anapima kilo za risasi, hanunui maji. Kwa hiyo kabla mkokoteni haujafika kwenye mizani, fundi wa betri anaipindua betri na kuimwaga tindikali chini ya mwarobaini anapofanyia kazi, pamoja na vumbi la risasi lililochanganyika nayo. Mwarobaini unasifiwa kwa kutibu maradhi arobaini. Haya ni ya arobaini na moja. Wewe hayakuhusu. Kituo chako kinapokea betri kavu, na ukavu si kosa popote katika sheria.

Kiwandani penyewe gharama yako kubwa itakuwa kichujio cha moshi: ile mifuko mirefu inayonasa vumbi la risasi lisitoke kwenye bomba. Kinunue, tena kipya, ukipige picha kutoka pande nne. Kukiwasha ni suala jingine, maana kinakula umeme na mifuko huziba. Wenye uzoefu hukiwasha mchana na kuyeyusha usiku. Moshi wa usiku hautoki kwenye picha. Na mavi ya risasi, yale mabaki meusi yanayobaki tanuri likishamiminwa, usiyaite taka. Yaite "malighafi inayosubiri soko" uyarundike nyuma ya ukuta, upande wa kijiji, mvua iyatafutie soko.

Wafanyakazi nao wana kanuni zao. Wanatakiwa nguo za kazi zinazobaki kiwandani, bafu la kuogea kabla ya kutoka, na kupimwa damu mara kwa mara. Bafu linakula nafasi ya kurundikia betri. Kijana arudi nyumbani na ovaroli yake, mtoto amrukie mlangoni kama kawaida. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne mpaka tano ya linavyofyonza la mtu mzima. Lakini mtoto si mwajiriwa wako. Hayumo kwenye orodha ya mishahara, na kisichokuwemo kwenye orodha hakipimwi.

Kwa hao waliomo, kila jioni toa pakiti ya maziwa. Kila mtu viwandani anajua maziwa huosha sumu mwilini. Madaktari hawajui, lakini madaktari si wabebaji wa betri.

Leseni ya taka ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo weka kengele kwenye simu ikukumbushe kuihuisha. Risasi iliyokwisha kuingia mfupani hukaa miongo, hiyo haihitaji kengele.

Limebaki jambo dogo, lebo. Kanuni zile zile za taka zinataka kila chombo cha taka hatari kibandikwe lebo inayosomeka kwa Kiingereza na Kiswahili. Iandikwe ni taka gani, ya nani, kiasi gani, ihifadhiwe vipi. Panapostahili, onyo na picha ya fuvu lenye mifupa miwili. Upande wa Kiingereza hautakusumbua, hausomwi na mtu. Kazi iko kwenye Kiswahili. Ukiandika RISASI: HATARI kwenye mapipa arobaini, polisi watafika kabla ya mnunuzi, wakitafuta na bunduki. Ukiandika SUMU, mpishi wa kiwanda ataacha kazi. Mimi huwashauri wateja "bidhaa maalumu", kwa wino wa bluu uliokolea kiasi.

Mwisho wa lebo hiyo kuna sehemu ya huduma ya kwanza: mtu akiivuta, akiimeza au ikimgusa ngozi, atumie dawa gani kabla ya kumwona daktari. Wengi hukwama hapo, kalamu hewani. Wewe usikwame. Andika "maziwa", kwa herufi kubwa, kwa lugha zote mbili.