Sodiamu Nje, Potasiamu Ndani

Jamani, presha ni ugonjwa wa kunyanyaswa. Sijui kinachonichosha ni vidonge au ni hawa watu wa nyumbani. Chumvi inapimwa! Daktari kasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai, tena kisijae. Siku nzima! Mie hizo gramu 5 nilikuwa nazimaliza kwenye embe bichi moja, saa nne haijafika. Sasa kopo la chumvi linalala chumbani, kabatini, chini ya vitenge vya Mama Rehema. Funguo anazo yeye. Nikikohoa tu karibu na kabati, naulizwa natafuta nini.

Mchawi ni sodiamu, ndivyo nilivyoelezwa. Ikizidi mwilini inashika maji, maji yanajaa kwenye damu, presha inapanda. Wa kumtoa ni potasiamu, maana inazisaidia figo kuisukuma sodiamu kwenye mkojo. Potasiamu iko wapi? Kwenye ndizi, viazi, mchicha, maharage, madafu. Basi nikalishwa. Ndizi asubuhi, ndizi mchana, dafu jioni. Usiku safari za chooni haziishi, mpaka mbwa wa jirani amenizoea, habweki tena.

Nikarudi kliniki kupima damu. Kijana wa maabara, wa kumzaa kabisa, akanifunga ule mpira mkononi. Mie na sindano hatuelewani tangu shule ya msingi. Nikafumba macho. Nikakunja ngumi, nikaikaza, nikaachia, nikaikaza tena. "Mzee, legeza mkono." Wapi. "Mzee, legeza." Mama mmoja kwenye foleni akauliza kwa sauti ya kusikika hadi duka la dawa, "Baba, unaogopa?" Foleni ikacheka. Hata katoto kalikokuwa kametoka kuchomwa, machozi bado shavuni, nako kakacheka.

Majibu yakatoka: potasiamu juu. Kwenye damu inatakiwa milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Milimoli ni mdudu gani sijui, ila mie nilikuwa nimezivuka. Daktari akaacha kuandika. Akaniuliza kama moyo unadunda vibaya. Ulikuwa haudundi vibaya, ila baada ya swali lake ukaanza. Kumbe potasiamu ikipita kiasi kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo! Na ndizi nimekula kwa amri yao! Nikaanza kuwaza nani atalipa lile deni la dukani kwa Mangi.

Nikapimwa moyo kwa yale mawaya, nikarudishwa kwa kijana yuleyule. Safari hii vidole vyangu vilishikwa na manesi wawili. Majibu: safi. Tatizo ni ngumi! Ukikunja na kukunjua mkono ukiwa umefungwa mpira, misuli inatema potasiamu kwenye damu ya hapohapo. Damu ikivutwa kwa fujo, chembe nyekundu zikapasuka, mambo ni hayohayo, kwa sababu potasiamu karibu yote ya mwili imejificha ndani ya seli. Kijana akaandika kitu kwenye faili langu kwa kalamu nyekundu. Sikukisoma. Nilimwona tu akimwonyesha mwenzake.

Nyumbani nikamuuliza Rehema kwa nini potasiamu inajificha ndani. Rehema yuko kidato cha tano, anasoma PCB, na ada yake nadhani ndiyo iliyoanzisha hii presha. Akashusha ile pumzi wanayoshusha watoto waliosoma. Akasema seli zina pampu kwenye tando zake. Pampu inatoa sodiamu 3, inaingiza potasiamu 2. Mchana, usiku, haipumziki. Mie nimezeekea kwenye daladala za Gongo la Mboto, sijamwona konda wa kushusha watatu akapandisha wawili! Kwa nini asijaze? Rehema akasema hapo ndipo penyewe: ile tofauti ya ndani na nje ndiyo umeme wa neva. Ujumbe ukipita, milango inafunguka, sodiamu inaingia mbio, potasiamu inatoka, kisha pampu inabaki na kazi ya kumrudisha kila mmoja kwao. Ndivyo habari ya sindano inavyofika kichwani. Na kazi hiyo inakula sehemu kubwa ya nguvu za mwili, hata ukiwa umejilaza. Nikamgeukia mama yake: umesikia? Mie hapa kwenye kochi niko kazini! Hakunijibu. Alikuja kuegesha fagio pembeni ya kochi, akaondoka.

Aliyeigundua pampu yenyewe ni Jens Christian Skou, wa Denmark, mwaka 1957, akichunguza neva za miguu ya kaa. Kaa! Sisi kaa tunawanunua Feri miaka yote, hakuna aliyewahi kuwaulizia neva. Nobeli yake akapewa 1997. Miaka 40! Mie ninayelalamikia mafao yangu nikanyamaza kidogo. Kidogo tu.

Rehema akaendelea. Sodiamu tupu ni metali laini, unaikata kwa kisu, na inatunzwa ndani ya mafuta maana ikigusa maji ni balaa. Potasiamu ndiyo jeuri zaidi, inawaka moto wa zambarau. Na klorini, mwenzake sodiamu kwenye chumvi, ni gesi ya sumu, imeua watu vitani. Halafu hao wawili wakioana ndio utamu wa embe langu. Mama Rehema akaitikia toka jikoni, "Unasikia unachokula?"

Hapo nikakumbuka magadi. Nikamuuliza mtoto magadi ni nini. Sodiamu kaboneti, baba. Ndiyo hayohayo yaliyojaa Ziwa Natron. Nikasimama! Nikahutubia! Nani kila siku anatia magadi kwenye maharage ili yaive upesi? Nani anatia kwenye mlenda? Sodiamu inaingia kwa mlango wa mbele, mie nanyimwa chumvi! Mama Rehema akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu zote. Kisha akayatoa magadi jikoni. Sasa maharage yanatokota toka adhuhuri hadi taarifa ya habari, mkaa unateketea, na pesa ya mkaa inakatwa kwenye ya vocha yangu. Embe bado halina chumvi.

Ikabidi nijaribu kwa muuza mihogo wa pale kona. Ya kukaanga, pilipili, kachumbari, chumvi unajinyunyizia mwenyewe. Nikafika, akanifungia mihogo kwenye gazeti, kopo la chumvi akalivuta upande wake.

"Mzee, shemeji kapita hapa mchana."

"Kasema nini?"

"Hajasema mengi. Deni lako kalimaliza lote, kwa hiyo mie namsikiliza yeye."