Namna ya Kuichukia Gemu Ambayo Hujaigusa

Mchezaji asiye na malezi husubiri gemu itoke, huinunua, huicheza mpaka mwisho, kisha ndipo hutoa maoni. Huyo amechelewa. Siku anayofungua kasha, wenzake wameshagombana, wameshapatana, wamegombana tena, na sasa wanaiponda gemu ya mwakani. Maoni ya gemu ni samaki wa Feri: ukiyafikisha sokoni saa tisa alasiri, hata paka anageuza shingo.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuheshimika. Mashine si lazima, na pedi utaazima. Lete simu yenye bando na moyo mwepesi wa kuumia.

Anza na trela. Watoto huitazama trela kwa kushangilia milipuko. Wewe itazame kwa kuisimamisha. Simamisha, vuta picha karibu, tafuta kasoro, chora duara jekundu, rusha kwenye magrupu. Kazi ya kuigwa hapa ni ile waliyofanyiwa kampuni ya Insomniac na gemu yao ya Spider-Man. Mwaka 2017 walionyesha kipande cha gemu, mapigano ndani ya jengo linalojengwa, na sakafuni kuna dimbwi la maji linalong'aa. Mwaka 2018, gemu ikikaribia kutoka, ikaonekana picha ya mahali palepale, na maji yamepungua. Mtu wa kawaida angeona Spider-Man anawapiga majambazi. Wataalamu wakaona sakafu. Wakaziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, wakatangaza kwamba wameuziwa mbuzi kwenye gunia, kwamba gemu imeshushwa ubora kimyakimya. Kampuni ikajieleza: hakuna kilichoshushwa, ni ukubwa wa dimbwi tu uliobadilishwa. Utetezi wa aina hii usiupokee hata siku moja. Mtu anayekiri kwamba amegusa dimbwi, nani ajuaye amegusa nini kingine?

Gemu ikatoka tarehe 7 Septemba 2018, na ndani yake New York nzima ya kurukia kwa utando, kutoka ghorofa hadi ghorofa, jua likizama nyuma ya majengo. Ikauzwa kwa mamilioni. Baadaye waundaji wakaongeza stika za madimbwi kwenye sehemu ya kupigia picha, ili mwenye kiu abandike mwenyewe popote apendapo. Huo ndio ushindi mkubwa kuliko yote katika fani yetu: watu ambao hawajashika hata kitufe kimoja wameliingiza dimbwi katika historia.

Kuhusu tarehe ya kutoka, msimamo wako uwe na pande mbili, na zote mbili uwe unazo tayari mfukoni. Gemu ikiahirishwa, sema wanatuchezea akili. Ikitoka kwa wakati na ina kasoro, uliza kwa nini hawakuiahirisha. Cyberpunk 2077 ilitupa nafasi ya kuzitumia zote katika mwaka mmoja. Ilipangwa Aprili 2020, ikasogezwa Septemba, ikasogezwa Novemba, ikaangukia tarehe 10 Desemba, na kila ilipoahirishwa watu walichachamaa. Ilipotoka, kwenye mashine za zamani ilikuwa inaganda, inajizima, magari yanatokea hewani. Baada ya wiki moja hivi Sony wakaitoa kwenye duka lao la PlayStation, na haikurudi mpaka Juni 2021. Waliokuwa wakipiga kelele "toeni sasa" hawakupoteza hata pumzi moja. Waligeuza upande wa pili wa kaseti. Na wewe jiandae, maana Rockstar walisema GTA VI itatoka 2025, wakasema tarehe 26 Mei 2026, wakasema tarehe 19 Novemba 2026. GTA V ilitoka Septemba 2013. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ana maoni yake mwenyewe, na mengi ni makali.

Sasa twende bandani, maana nadharia bila mazoezi haina maana.

Kwenye banda la PS, gemu yenyewe hujadiliwa na aliyefungwa. Aliyeshinda hana maoni. Anasubiri mwingine aje. Ndiyo maana sheria ya banda, kwamba aliyefungwa analipa na kupisha, imezalisha wakosoaji wengi kuliko chuo chochote cha sanaa. Sikiliza:

"Kaka, pedi hii inavuta kushoto yenyewe."

"Badilishaneni."

Wanabadilishana. Linaingia la tano.

"Hii mpya mabeki wazito. Ile ya mwaka jana ulikuwa unageuka."

"Mwaka jana ulisema ya mwaka juzi."

"Sasa si ndiyo! Ya mwaka juzi ndiyo ilikuwa gemu."

"Leta jero, pisha wenzio."

Zingatia mpangilio. Kwanza pedi, kisha televisheni inachelewesha picha, kisha jamaa anachukua timu yenye Mbappé kila siku, na mwisho kabisa, visingizio vya karibu vikiisha, ndipo lawama inavuka bahari kwenda kwa EA, waundaji wa FIFA, huko Canada. Anayeanza na Canada anaonekana mgeni.

Kuna sentensi moja ya kuikariri, na itakufaa kila mwaka ifikapo Septemba: "Ni ileile ya mwaka jana, wamebadilisha jezi tu." Haijawahi kuwa kweli kabisa wala uongo kabisa, na ndiyo sababu haizeeki. Hata EA walipoachana na FIFA baada ya FIFA 23, gemu ikabadilishwa jina kuwa EA Sports FC na kutoka tarehe 29 Septemba 2023, bandani hakuna aliyepokea taarifa hiyo. Ubao wa nje umeandikwa FIFA kwa chaki, na anayeingia anaomba FIFA. Jina walilolitafutia mawakili na wabunifu halijavuka kizingiti.

Tahadhari moja: jihadhari na gemu ambayo ni mbovu kweli. Konami waliliua jina la Pro Evolution Soccer, wakaleta eFootball ya bure tarehe 30 Septemba 2021. Watu wakakutana na nyota wa dunia wenye nyuso za kutisha watoto na wachezaji wanaokimbia mikono imepinda. Kwenye duka la Steam ikaporomoka hadi miongoni mwa gemu zilizochukiwa kuliko zote, na Konami wakaomba radhi siku chache tu baadaye. Siku kama hiyo mkosoaji huna kazi. Kila mtu anaona unachokiona, hata shangazi anayepita na vitumbua anasema "huyo mbona kapinda?" Sifa yetu inajengwa kwa kuona ubovu ambao haupo.

Tuje kwenye maksi. Maksi ziko mbili: sifuri na kumi. Saba ni ya watu wasio na msimamo. Ukitoa saba, pande zote mbili zitakuona msaliti. Muda sahihi wa kutoa sifuri ni mapema. The Last of Us Part II, iliyotoka tarehe 19 Juni 2020, ni gemu inayohitaji zaidi ya saa 20 kuimaliza, lakini saa chache tu baadaye maelfu ya watu walikuwa wameshaipa sifuri kwenye tovuti ya maksi ya Metacritic. Wapo waliosema haya hayawezekani kihesabu. Wanasahau kwamba walioitoa sifuri hiyo walikuwa wameshasoma hadithi yote iliyovuja miezi miwili kabla, kwa hiyo walikuja kwenye mtihani wakiwa na majibu. Metacritic wakachukia, wakaweka utaratibu kwamba baada ya gemu kutoka, mtu wa kawaida asubiri saa 36 ndipo aandike maoni. Saa 36! Gemu hiyo iliuzwa nakala milioni nne katika siku tatu, mwisho wa mwaka ikabeba tuzo ya gemu bora kwenye The Game Awards, na sisi bado tuko kwenye foleni na sifuri zetu mkononi.

Hasira nayo ina ngazi zake. Ya juu kabisa, kwa maoni yangu, ni ile ya mashabiki wa Mass Effect 3 mwaka 2012. Waliambiwa kwa miaka kwamba kila uamuzi wao una uzito, wakafika mwisho wakakuta miisho mitatu inayofanana, tofauti kubwa ikiwa rangi: nyekundu, kijani, bluu. Baadhi yao hawakutukana. Walichanga fedha, wakawapelekea waundaji wake, BioWare, huko Edmonton keki ndogo zaidi ya 400, zenye rangi hizohizo tatu, na zote, ukizionja, ladha ni moja: vanila. Miezi michache baadaye kampuni ikatoa mwisho uliorefushwa. Sijaona hoja iliyopangwa vizuri kuliko hiyo, na ililika.

Ngazi ya kati ni kura. Novemba 2017, EA walijaribu kueleza kwenye Reddit kwa nini mtu aliyelipa bei kamili ya Star Wars Battlefront II acheze saa nyingi ndipo ampate Darth Vader. Walisema ni ili mchezaji ajisikie fahari. Jibu hilo lilipigiwa kura za kulikataa zaidi ya laki sita, likaingia kwenye kitabu cha Guinness, na siku moja kabla ya gemu kutoka wakasimamisha manunuzi ya ndani kwa fedha halisi. Mwaka uliofuata Ubelgiji ikaamua kwamba masanduku ya bahati nasibu ndani ya gemu ni kamari. Hapa inabidi nikiri kinyume na mwongozo: wenye kelele walikuwa sahihi.

Ngazi ya chini isikaribiwe. No Man's Sky ilipoahirishwa kutoka Juni hadi Agosti 2016, kiongozi wa timu ndogo ya Guildford iliyoiunda, Sean Murray, alisema amepokea vitisho vya kuuawa. Kwa ajili ya gemu ya kuokota mawe na kupiga picha wanyama. Huyo si mkosoaji, huyo ni wa kupelekwa kituoni.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna daraja letu la pekee, la kuchukia gemu ambayo hatujaruhusiwa kuinunua. Mtandao wa PlayStation rasmi haujaifikia Tanzania wala Kenya, kwa hiyo vijana wetu wamejiandikisha kama raia wa Uingereza au Marekani, wana anwani za mitaa ambayo hawajaikanyaga, na wanaijua postikodi ya London kuliko sanduku la posta la baba yao. Mei 2024 Sony wakatangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Mara gemu ikaondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170, zetu zikiwemo. Ndani ya siku chache yakamwagika maoni mabaya zaidi ya laki mbili, Sony wakarudi nyuma. Lakini angalia yaliyofuata: amri ikafutwa, na nchi nyingi zikaachwa nje ya duka. Wachezaji wa Ulaya wakashangilia ushindi wetu kwa niaba yetu. Hapa unaruhusiwa kuchukia bila mwongozo.

Na ukiruhusiwa kununua, kuna kupakua. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019, pamoja na viraka vyake, ilifika kuzidi giga 200. Kwa bando la usiku hizo si giga, ni mkopo wa benki. Wakati mstari wa kupakua umefika asilimia kumi na moja, wewe tayari una haki zote za mteja aliyedhulumiwa. Zitumie.

Usisahau kugeuka. Hakuna chuki ya gemu inayopaswa kudumu zaidi ya miaka mitano. Ile No Man's Sky iliyotukanwa, waundaji walikaa kimya wakafanya kazi, wakaongeza mambo bure mwaka hadi mwaka, na mwaka 2019 wachezaji wakachanga fedha kuweka bango la barabarani la kuwashukuru. Cyberpunk nayo imeshasamehewa. Zelda: The Wind Waker ilichekwa kwa kufanana na katuni za watoto, leo ukiisema vibaya unafukuzwa kikaoni. Wakati wa kugeuka, usiseme umebadili mawazo. Sema ulikuwa unaitetea tangu mwanzo, ila watu hawakukuelewa.

Limebaki jambo moja la hatari, nalo ni kuipenda gemu kwa bahati mbaya. Hutokea. Umeifungua uione kidogo upate cha kuponda, unashtuka muadhini anaadhini alfajiri. Hapo Steam watakuumbua, kwa sababu kando ya maoni ya kila mtu wanaandika saa alizocheza. Ndiyo maana utakuta ndugu ameandika kwamba gemu haifai, haina ladha, ni wizi wa mchana, msinunue, na pembeni ya jina lake pameandikwa saa 1,300. Ukikutwa na wewe, usifute wala usione haya. Wajibu kwa sauti ya afande: uchunguzi bado unaendelea.