Namna ya Kuiandika Upya Katanga

Ukitaka kompyuta ijue jiografia ya kwetu Kongo bila kubishana nawe, usiiandikie programu. Iandikie milinganyo. Lugha za ubainishaji wa kialjebra, kama OBJ aliyoianzisha Joseph Goguen miaka ya 1970, na Maude iliyofuata, hazitaki amri: unataja aina za vitu, unaandika kwamba hiki ni sawa na kile, basi. Mashine husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ikikuta cha kushoto inaweka cha kulia, mpaka pasibaki cha kubadilisha.

Anza na rahisi ili upate kiburi. Élisabethville = Lubumbashi. Jadotville = Likasi. Union Minière = Gécomin; Gécomin = Gécamines. Mashine inapiga hatua moja, mbili, inatulia. Mwite profesa wako aone.

Sasa ingiza mkoa. Enzi za Mobutu iliandikwa Katanga = Shaba; mwaka 1997 ikaandikwa Shaba = Katanga. Usifute mlinganyo wowote, maana hiyo ni historia. Bonyeza, kisha nenda ukale bukari. Ukirudi utaikuta bado inazunguka. Umeme ukikatika itasimama, ila hilo halihesabiwi kuwa uthibitisho wa ukomo.

Knuth na Bendix walikwisha kutoa dawa mwaka 1970: yape majina uzito, kisha kila kanuni ishuke kutoka kwenye zito kwenda kwenye jepesi. Kazi yako ni kuamua tu lipi zito, Katanga au Shaba. Swali hilo usiliulize kwenye baa za Kamalondo, Lubumbashi.

Ukishindwa kuamua, badili mkakati wa pa kuanzia: ndani ya mabano au nje yake. Chukua mji-mkuu(Katanga), ukiongeza mlinganyo kwamba huo ni Lubumbashi. Anayeanzia ndani ataishika Katanga kwanza, aigeuze Shaba, aigeuze Katanga, wala hatatoka nje. Anayeanzia nje anafika Lubumbashi kwa hatua moja. OBJ inakuruhusu hata kupanga kwa namba kipi kitangulie. Walushois (watu wa Lubumbashi) wote niwajuao huanzia nje.

Halafu ikaja découpage ya 2015, mkoa ukagawanywa: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami, Tanganyika. Kushoto jina moja, kulia manne! Hapa hata ukiikata ile duara ya Shaba hujapona, kwa sababu jibu linategemea kanuni gani imewahi, na njia zikishaachana hazikutani tena. Anayeanzia ndani anaweza kuamka akakuta mji mkuu wake ni Kolwezi, ule wa Lualaba.

Mfumo wenye adabu ni pesa. Mwaka 1993, zaire 3,000,000 za zamani = zaire mpya 1. Mwaka 1998, zaire mpya 100,000 = franka 1. Ingiza zaire za zamani bilioni 300, anzia ndani, anzia nje, anzia popote: inatoka franka moja. Na ukomo wake haumhitaji Knuth wala Bendix, kwa kuwa kila hatua inapunguza kilichomo mfukoni.