Jinsi ya Kuvunja Ndege Ndogo Kitengela na Kuusingizia Upepo

Marubani wengi hutua salama miaka nenda miaka rudi, kisha wanastaafu bila kisa hata kimoja cha kusimulia. Ikiwa hutaki kufa na uchoshi huo, hamia nyanda za Kajiado, penye upepo wa kutosha, na ufuate hatua hizi.

1. Chelewa. Asubuhi upepo huwa bado umelala. Rubani mwoga hupaa kutoka uwanja wa ndege wa Wilson kukipambazuka, akawa amerudi kabla ya chai ya saa nne. Wewe pitia kwanza nyama choma, ushibe, uteremshie na soda. Kufikia saa nane jua litakuwa limeichemsha ardhi, hewa inapanda kwa mafungu, na upepo unapiga, unatulia, unapiga tena.

2. Idharau soksi. Ule mfuko wa kitambaa kando ya kiwanja si pambo. Kwa kawaida hunyooka kabisa upepo ukifika kama kilomita 28 kwa saa. Na kwa Cessna 172 nyingi, hiyo ndiyo kasi ya upepo wa ubavuni ambayo kitabu cha ndege kinasema ndege ilijaribiwa nayo, ikatua vizuri. Kwa hiyo ukiikuta imenyooka kama mkono wa askari wa trafiki, tazama kando. Simu yako je, ina ujumbe?

3. Usipige hesabu. Hesabu zitakuharibia safari. Upepo wa kilomita 40 ukija kwa nyuzi 30 kutoka mbele yako, unaokusukuma ubavuni ni 20 tu. Ukija kwa nyuzi 60, ni karibu 35. Wilson ina njia mbili za kutua zinazoelekea pande tofauti, kwa hiyo unaweza kuchagua ile inayokabili upepo. Kiwanja cha mashambani chenye njia moja kinakupa chaguo mbili: kutua au kurudi ulikotoka. Kurudi ni kwa watu wasio na kipaji.

4. Ongeza kasi, “kwa usalama.” Huku tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kwa kipimo kilekile cha kasi unachokiona mbele yako, ardhi inapita chini kwa kasi zaidi, karibu sehemu moja ya kumi, kuliko ingepita Mombasa. Ukiongeza na yako, ndege itaelea juu ya njia ikikataa kugusa chini, nao upepo utapata muda wa kukusogeza taratibu hadi kwenye nyasi.

5. Pumzisha miguu. Rubani mzuri huja kwa mwendo wa kaa, pua imeelekezwa upande upepo unakotoka. Karibu na ardhi hukanyaga pedali pua inyooke na njia, akalilaza kidogo bawa la upande wa upepo. Gurudumu la upande huo hugusa kwanza, linafuata la pili, la mbele mwisho. Kazi nyingi! Wewe tua vivyo hivyo upande upande. Matairi yatalia, vumbi litatimka. Mara tu ukigusa, achia usukani kana kwamba kazi imekwisha, ili upepo uliinue bawa.

6. Usipae tena. Hapa ndipo wanafunzi wengi hufeli: mambo yakienda mrama wanasukuma mafuta yote, wanapaa, wanazunguka na kujaribu upya. Dakika tano tu. Lakini wachungaji wanakuangalia, watasema nini? Ng’ang’ana. Na usijitetee kwa Beryl Markham. Kweli, bibi huyo aliyekulia Njoro aliichomeka pua ya ndege kwenye kinamasi cha Nova Scotia mwaka 1936, lakini alikuwa amevuka Atlantiki peke yake. Wewe umetoka Wilson.

7. Andaa maelezo. Bodaboda watafika kabla vumbi halijatulia. Rafadha itakuwa imejikunja kama majani ya mgomba, maana yake injini nayo itabidi ifunguliwe ikaguliwe, na bili yake hutaisoma ukiwa umesimama. Mbaazi ikikosa maua husingizia jua. Nawe usingizie upepo. Usiwaruhusu wachunguzi wataje Kipeto, humu humu Kajiado, ambako watu wamesimamisha mitambo 60 ya kuzalisha megawati 100 za umeme, wakiwa na hakika kwamba upepo utakuja.

Mwishowe mzee mmoja atakusogelea na fimbo yake.

“Pole sana, kapteni. Ilikuwaje?”

“Upepo, mzee. Umekuja ghafla.”

Ataitazama soksi. Atawatazama ng’ombe wake, waliougeuzia upepo mgongo tangu saa sita.

“Ghafla,” atasema.