Popo wa Stamford

Hongera, bwana mkubwa, kwa kutaka kuongeza chumba ubavuni mwa nyumba yako pale Stamford. Mji huo wa soko katika Lincolnshire ndio wa kwanza Uingereza kutangazwa eneo la hifadhi, mwaka 1967, kwa hiyo hata jiwe la ukutani kwako lina wakubwa zake. Peleka michoro na ada halmashauri, kisha subiri wiki 8. Majirani nao wana siku 21 za kutoa maoni, na yule ambaye hajawahi kukusalimu ndiye atakayeandika kurasa nyingi. Ukuta mnaochangia? Una sheria yake, ya mwaka 1996.

Ila omba Mungu darini pasiwe na popo. Kuvuruga makazi yake ni kosa la jinai, na wataalamu humvizia akitoka jioni za miezi ya joto tu. Ukiwaita Novemba, watakuambia uonane nao Mei. Popo halipi kodi ya halmashauri, hajachora ramani, wala hajaomba kibali cha kuhamia. Kati yenu wawili, mwenye nyumba ni yeye.